Ndoo ya Mchanga ya Veneranda

Siku mliyoniaga mlinipa jiko la gesi. Nilishukuru, nikapiga picha na ninyi, nikacheza muziki kidogo kwa adabu ya mstaafu. Nilipofika nyumbani nikafungua boksi: mpira wa gesi umo, klipu ya kuubana haimo. Hiyo ndiyo zawadi ya watu wa zimamoto kwa mwenzao wa zimamoto. Nilinunua klipu mwenyewe, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kama nilivyowafundisha baadhi yenu, nikatazama kama patatokea vipovu. Havikutokea. Nikachemsha chai, nikainywa peke yangu nikiwa na hasira, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo.

Kwenye sherehe ile mmoja wenu aliniomba niandike mambo ya kazi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo havijanikosea kitu. Ninaowaandikia ni ninyi, na sababu mtaiona mwishoni, kwa hiyo msiruke kurasa kama mnavyoruka nyumba mkiwa kwenye ukaguzi.

Nilianza kazi upande wa Biharamulo. Nilikuwa binti wa Kihangaza kutoka Kirushya, nyumbani tunalima migomba na maharage, na moto niliokuwa nikiujua ni wa mafiga matatu. Nilidhani zimamoto ni gari jekundu na king'ora. Gari lilikuwa moja, na siku niliyoripoti lilikuwa gereji. Nikauliza, "Sasa sisi tutafanya nini?" Sajini Pankrasi, aliyepewa kazi ya kunifundisha, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Tutatembea."

Pankrasi alikuwa Msubi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na rubisi, ile pombe ya ndizi, aliipenda kuliko ilivyompenda yeye. Asubuhi ile ya kwanza alinipeleka sokoni, akanisimamisha mlangoni pa duka moja, akaniambia nifumbe macho.

"Humu ndani mna nini?"

"Sabuni, afande."

"Na nini tena?"

"Sukari."

"Sukari ina harufu? Toka nje, uingie upya."

Nilitoka, nikaingia. Mara ya pili nikaisikia: petroli. Nyuma ya magunia ya sukari mlikuwa na dumu, na hatua chache kutoka hapo mwenye duka alikuwa na jiko la mkaa, anachemsha chai ya kuwauzia wateja. Pankrasi hakuandika kitu. Alilishika lile dumu, akalitoa mpaka uani, akaliweka kivulini peke yake, akarudi kumgombeza mwenye duka mpaka soko zima likakusanyika. Tulipoondoka akaniambia, "Zimamoto ni pua, Odilia. Mpira wa maji ni wa waliochelewa."

Sikumpenda sana. Alikuwa na matusi, na siku moja alilipiga teke jiko la mama ntilie na mchuzi wake ukiwa juu. Tena aliamini kwamba kila moto wa umeme umetokana na mtu kuiba umeme, hata pale ambapo panya alionekana kabisa ameung'ang'ania waya uliomuua. Lakini mambo mawili aliyonifundisha sijayaona yakikosea. La kwanza, mkaguzi hatoi taarifa. "Moto haupigi hodi," alikuwa akisema, "moto haurari, haungoji barua." L na r kwake zilikuwa ndugu. La pili, hatari usiyoweza kuifuta, itoe nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa sakafuni polepole, unapita chini ya mlango, unakwenda kuutafuta moto ulipo, na ukiukuta unarudi nao. Nje upepo unautawanya. Ndani hauna pa kwenda.

Nitawasimulia kisa kimoja cha Nyarubungo, kwa sababu kilinionyesha mapema kwamba shukrani ya mtu aliyeokolewa haina maana yoyote. Mfanyabiashara mmoja alijenga nyumba nzuri ya kuishi, duka likiwa mbele. Kwa kuogopa wezi akaweka nondo kila dirisha, na mlango wa nyuma akaufunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake aliutunza vizuri kiasi kwamba hakujua uko wapi. Godoro lililoegemea waya wa umeme likashika moto mchana, duka likajaa moshi, mke na watoto wakakimbilia chumba cha nyuma. Tuliwakuta wamebana nyuso kwenye nondo wakitafuta hewa. Tulifunga mnyororo kwenye dirisha, tukauvuta kwa lori la mahindi lililokuwa likipita, dirisha likang'oka na fremu yake. Wote walitoka wazima. Mwenye nyumba alipiga magoti mbele yetu, akalia, akatuita malaika. Baada ya muda nikapita pale kumsalimu. Alikuwa ameshajenga upya, na nondo ameweka nene zaidi, maana zile za kwanza, alisema, zilikuwa nyembamba mno mpaka zimeng'olewa na lori. Pankrasi alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Baadaye nilihamishiwa Ngara, nyumbani. Pankrasi alikuwa amestaafu, na nikaja kusikia amefariki. Huku nilikuta wakubwa wapya na neno jipya: itifaki. Ukaguzi sasa ulikuwa na barua, barua inakwenda kwa mtendaji, mtendaji anamwambia mwenyekiti, mwenyekiti anatangaza baada ya misa, na mwisho wa yote ndipo sisi tunafika tukiwa tumepiga pasi. Nilipouliza faida yake, nikajibiwa kwamba wananchi wasijisikie wanavamiwa. Hoja ilikuwa ya kistaarabu, na kwa wageni wa harusi inafaa kabisa.

Matokeo yake niliyaona siku ile tulipokagua maduka ya mtaa mmoja hapa mjini. Duka la kwanza lilikuwa na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, umetundikwa vizuri, ila una kibonyeo ubavuni. Duka la tatu, mtungi mwekundu wenye kibonyeo ubavuni. Duka la tano vilevile. Nikachungulia mlango wa nyuma. Bodaboda alikuwa ameupakata mtungi kama mtoto anayepelekwa kliniki, anauwahisha duka la saba. Mtaa mzima ulikuwa na mtungi mmoja, na geji yake ilikuwa inasoma sifuri. Nilimwonyesha mkuu wangu. Akasema, "Angalau wanaonyesha ushirikiano."

Sasa niwaambie habari za Veneranda.

Veneranda alikuwa mjane aliyeuza petroli kwenye chupa za maji, njia panda moja upande wa Mbuba. Mnajua jinsi ilivyo huko. Bodaboda ni wengi, kituo cha mafuta kiko mbali, na mtu mwenye pikipiki iliyokauka hawezi kuisukuma mpaka mjini kwa kuiheshimu sheria. Sheria inakataza biashara hiyo, na inafanya vizuri kukataza. Lakini kabla yangu walikuwa wamemkamata mara mbili, na mara mbili alirudi, kwa sababu alikuwa na binti wa kumsomesha, Deodata, na shamba lake lilikuwa dogo.

Nilifika kwake bila taarifa, nikiwa natoka mahali pengine. Chupa zilikuwa kwenye rafu jikoni, karibu na mafiga, na juu ya mafiga kulikuwa na kichanja cha kuivishia ndizi za pombe, kikavu kama karatasi. Sikumtukana. Nilimkalisha, nikamweleza habari ya mvuke unaotambaa, nikamwonyesha kwa mkono jinsi ungetoka kwenye rafu, ukashuka, ukapita sakafuni mpaka kwenye makaa. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo afande, niache kuuza?"

"Sheria inasema uache."

"Na wewe unasemaje?"

Nilimwambia nilichofundishwa. Kwamba hata kama hataacha leo, leo hii hii atoe kila kitu nje, mbali na nyumba, mbali na moto, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Kwamba aweke ndoo ya mchanga mkavu kando, na petroli ikishika moto asithubutu kuimwagia maji, maana petroli huelea juu ya maji na kwenda na moto wake. Siku hiyo hiyo alitoa meza, akaiweka kando ya barabara chini ya turubai. Ndoo ya mchanga ilikuwa ya bluu. Kila nilipopita niliiona pale, imejaa, na Veneranda alikuwa akiipiga kofi kidogo kama mtu anayemsifu mbuzi wake, akisema, "Mlinzi wangu yupo, afande!" Katika miaka yote ya kazi, watu walionisikia mpaka mwisho ni wachache. Veneranda alikuwa wa kwanza wao. Nilimpenda kwa hilo.

Nilimweleza mkuu wangu kwamba tuwafundishe wauzaji wote wa njia panda kufanya hivyo wakati tunaendelea kuwabana waache. Akasema hatuwezi kushauri namna ya kufanya kosa. Ukishauri, umeruhusu. Nikamwuliza, na wakiungua? Akasema, wakiungua watakuwa wameungua wakivunja sheria.

Ukaguzi wa kijiji chake ulipopangwa, niliomba twende bila barua. Barua ikaenda. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Sperius, mtu mwema asiyemnyima mgeni kiti, akatangaza Jumapili kwamba wageni wa wilaya wanakuja, kila mtu asafishe mbele ya nyumba yake, kusionekane kitu cha aibu barabarani. Asubuhi ya ukaguzi akapita mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Ninyi wa kutoka mbali mtaona ni upuuzi. Kwetu mgeni wa heshima hapokewi juu ya uchafu. Unafagia, unatandika nyasi mpya sebuleni kama mama zetu walivyotandika, unaweka maji ya kunawa mlangoni, na chakula kiwe motoni kabla hajafika, asije akakuta mafiga yamepoa akajiona hakutegemewa. Veneranda alifanya yote. Alijua ni mimi ninayekuja. Meza ya chupa ilikuwa kitu cha aibu, Sperius alimwambia aiondoe, naye akaiondoa, akaingiza chupa na dumu jikoni, nyuma ya mlango, kwa muda tu, mpaka wageni waondoke. Ile ndoo ya bluu akaimwaga mchanga, akaisugua, akaijaza maji ya kunawia mikono yangu. Na motoni akateleka ndizi na maharage.

Sisi tulikuwa nyumba ya nne kutoka pale, kwa mwenyekiti, tunasaini kitabu cha wageni na kunywa soda. Tulikuja na gari la ofisi. Gari la maji lilikuwa mjini, maana huu ulikuwa ukaguzi, si moto. Nilisikia mlio mzito, kama mtu ameangusha gunia, kisha kelele. Nilifika kwanza. Moshi ulikuwa unatoka jikoni mweusi, kichanja cha ndizi kilikuwa kinaanguka vipande vipande, na majirani walikuwa wanakimbia na ndoo za maji.

"Acheni maji!" nilipiga kelele. "Mchanga! Leteni mchanga!"

Mmoja akaniuliza, "Mchanga uko wapi, afande?"

Ulikuwa umemwagwa kando ya barabara, umefagiwa, umetawanywa kuwa uwanja wa kupendeza. Tuliukwangua kwa mikono. Mtu mwingine alikuwa ameshamwaga maji, na moto ukapita chini ya mlango hadi sebuleni, kwenye nyasi zilizotandikwa kwa ajili yangu.

Deodata ndiye aliyemtoa mama yake. Alikuwa shule ya msingi bado, mwembamba, na aliingia kabla hatujamshika, akatoka akimvuta kwa kanga. Mikono yake yote miwili iliungua mpaka viwikoni. Tulimlaza Veneranda nyuma ya nyumba kwenye majani ya mgomba, nikapiga magoti kando yake nikimmwagia maji safi ya baridi, yale yale maji ya kunawia. Alinitambua. Alisema, "Nisamehe afande, umefika hata hujala." Hakusema kingine nilichokielewa. Alifia hospitali, na wiki nzima aliyokaa huko nilikuwa nikipita nje ya wodi yake nikishindwa kuingia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na siwezi tena kuusikia bila kutaka kuondoka mahali unaposemwa.

Mazishini mkuu wangu alipewa nafasi ya kusema neno. Alisema elimu ilitolewa, ila sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nimesimama karibu na kaburi. Nilisema kwa sauti, mbele ya padri na watu wote, "Huyu alisikia. Ninyi ndio hamkusikia." Ndugu walinishika mkono wakanitoa pembeni, wakidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli. Taarifa ya tukio iliandikwa chanzo ni uzembe wa mwenye nyumba. Ilipelekwa, ikapokewa, na ukaguzi uliofuata ukatanguliwa na barua kama kawaida.

Nilibaki kazini miaka mingi baada ya hapo, na sitawachosha nayo. Nilizima moto, nilihesabu milango, nilibishana na wajenzi wanaoweka ngazi moja kwenye jengo la ghorofa tatu kwa sababu ya pili inakula nafasi ya duka. Wengine walinisikia. Kila mwaka niliomba tuache kutangaza. Mwishowe nikawa kichekesho cha vikao; nikinyoosha mkono, mtu ananong'ona, "Hodi," na meza inacheka. Baadhi yenu mlikuwa kwenye meza hiyo.

Nilipostaafu nilihamia kwenye kiwanja changu hapa njia panda, upande huu huu wa Mbuba. Jirani yangu wa tatu ni Deodata. Alilelewa na shangazi yake, akaolewa, mume akaenda kutafuta maisha na bado anayatafuta. Deodata anauza petroli. Msinitazame hivyo, kituo cha mafuta bado kiko mbali na shamba bado ni dogo. Lakini anaiuza nje, kwenye meza chini ya turubai, dumu la chuma lenye kifuniko, ndoo ya mchanga kando, kama alivyomwona mama yake.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu wa sasa alitangaza kwamba wageni wa zimamoto wanakuja. Jioni kabla jua halijazama nikamwona Deodata anavuka barabara kuja kwangu, ameshika dumu kwa mikono yake yenye makovu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo la nini?"

"Nihifadhie mpaka wageni wapite. Kwako hawawezi kukagua."

 Nikamwambia arudishe dumu mezani, nje, na aliache hapo kesho yake. Akasema mwenyekiti atakasirika. Nikasema nitakuja kukaa naye mezani, na wakaguzi nawajua, wengine nimewafundisha mwenyewe. "Nitawaeleza, wataelewa," nilimwambia. Alinitazama sana. Akarudi nalo.

Mlikuja, mkiwa mmepiga pasi. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda. Mtaa mzima ulikuwa umefagiwa, hakuna meza nyingine hata moja, na mimi nilikuwa naisikia petroli kwa pua ikitoka kwenye milango yote mliyoipita mkitabasamu. Niliwaeleza. Niliwaonyesha ndoo. Mmoja wenu, nisiyemtaja kwa heshima ya wazazi wake, akaniambia, "Mama, tunakuheshimu sana, lakini hili liko wazi mno." Mkalichukua dumu la Deodata, mkamwandikia faini yeye peke yake, mkampongeza mwenyekiti kwa mtaa wenye mwamko. Kisha mkaniomba tupige picha.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia. Mlimwadhibu mtu mmoja aliyeweka hatari mahali ambapo isingemuua mtu, mkawasifu walioificha chini ya vitanda vya watoto wao. Na mlimfundisha kwa siku moja kitu ambacho kifo cha mama yake hakikumfundisha.

Juzi nilipita kwake. Turubai limekunjwa, mahali pa meza pamefagiwa. Bodaboda alikuwa anasubiri, naye Deodata akatoka mlangoni na chupa imefichwa chini ya kanga. Nilingoja kijana aondoke, nikamwuliza sasa petroli anaiweka wapi.

"Ndani, mama," alisema. "Kama watu wengine."

Hakuwa na hasira nami. Alinikaribisha niingie ninywe uji, akasukuma mlango, na nyuma yake, sakafuni, nikamwona mwanawe wa kike, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Amempa jina la bibi yake. Veneranda.